Konda alituambia tupande treni, tukacheka

Ijumaa moja mwezi wa Aprili, saa tatu kasorobo usiku, nilikuwa kwenye steji ya Ruiru pale tao, viatu vimejaa maji. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri. Asubuhi nilikuwa nimelipa soo kufika mjini. Sasa konda alikuwa amesimama mlangoni akipiga kelele, "Ruiru mia mbili hamsini! Kama hauna hizo usinipandie gari!"

Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akamuuliza, "Kijana, si asubuhi ilikuwa mia?"

Konda hakukasirika. Alicheka tu, akamjibu, "Mathe, kama ni ghali enda upande treni."

Steji nzima ikaangua kicheko, hata mimi. Tulicheka kwa sababu kila mtu pale alijua treni ya Ruiru ilikuwa imeondoka kitambo. Yule mama akahesabu pesa zake mara mbili, kisha akapanda.

Mzaha ule haujanitoka kichwani. Kila mara mjadala wa usafiri ukizuka mtandaoni, watu hugawanyika mara moja: timu treni huku, timu matatu kule, na katikati wale wa kusema tungoje BRT. Kila upande una picha zake za kuonyesha. Lakini swali ambalo yule mama alihitaji lijibiwe usiku ule ni dogo sana: ni kipi kitakuwepo nikitoka kazini, na kitanitoza ngapi?

Hapo ndipo ninapotaka tupimie treni na basi.

Tunaishi nje, tunafanya kazi ndani

Kwanza tukubaliane kuhusu sisi ni akina nani. Katika sensa ya 2019, Nairobi ilikuwa na watu milioni 4.4. Kiambu, jirani yake, ilikuwa na milioni 2.4. Ruiru peke yake ilihesabiwa kuwa mji wa nne kwa ukubwa nchini, ikiipita Eldoret na Kisumu. Ukiuliza wengi wa hao wa Ruiru wanafanya kazi wapi, jibu unalijua. Ni hadithi moja na ya Kitengela, Rongai, Kikuyu, Mlolongo na Syokimau. Tumehamia huko kwa sababu rent ya huko inalipika. Tofauti ya rent tunailipa kwa nauli, na kwa saa zetu.

Mimi nauza vifaa vya simu kwenye kibanda Luthuli Avenue. Nikilipa mia asubuhi na mia na hamsini jioni, hiyo ni 250 kwa siku. Siku 26 za kazi ni shilingi 6,500. Mtu anayelipwa 18,000 kwa mwezi, zaidi ya thuluthi moja imekwenda kwa barabara kabla hajanunua unga. Na hapo sijahesabu siku za mvua.

Nitakwambia kitu kingine ambacho huwa sisemi sana. Nilipokuwa chuo, mama alikuwa ananipa nauli ya siku, kamili, bila ziada. Siku nauli ilipopanda, nilikuwa na chaguo mbili: nibaki mjini bila pesa ya kurudi, au nirudi nyumbani kabla ya darasa la jioni. CAT mbili zilinipita hivyo. Sikuacha chuo kwa sababu ya matatu, tusidanganyane. Niliacha kwa sababu ya karo. Lakini ukishapoteza mtihani mmoja halafu mwingine, hata ile nguvu ya kupigania karo huisha. Kwa hivyo mtu akiniambia usafiri ni mambo ya wahandisi, namtazama tu.

Treni ina hoja nzito

Nairobi yenyewe ni mtoto wa reli. Reli iliyoanza Mombasa mwaka wa 1896 ilifika hapa 1899, na mji ukaota kando ya karakana zake. Reli zile zile za njia nyembamba ndizo treni za abiria za leo zinazotumia kwenda Ruiru, Kikuyu, Limuru na Embakasi. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012 wakati wa Rais Kibaki. Novemba 2020 Rais Uhuru Kenyatta akazindua huduma iliyofufuliwa, pamoja na treni zilizotumika Uhispania kabla ya kuletwa hapa.

Hesabu ya treni ni rahisi hata kwa mtu aliyelala darasa la hesabu. Tuseme behewa moja lina watu 100, waliokaa na waliosimama. Mabehewa kumi ni watu 1,000. Ukitaka kuwabeba hao kwa matatu za abiria 33, unahitaji zaidi ya 30. Kwa zile za abiria 14, zaidi ya 70. Sasa zipange hizo 70 kwenye barabara, moja nyuma ya nyingine, halafu uniambie kwa nini Pangani haisongi.

Pili, treni haiingii kwenye jam. Haijali kama lori limeanguka Allsops au kama msafara wa mkubwa fulani unapita. Tatu, na hili ndilo linanigusa, nauli yake haibadiliki kwa sababu ya mawingu. Unajua unacholipa tangu Jumapili usiku unapopanga wiki yako. Mtu ambaye hajawahi kuishi kwa pesa ya kuhesabu hawezi kujua raha ya bei isiyobadilika.

Kwa hivyo timu treni, hadi hapo niko nanyi.

Shida ni saa

Lakini treni yetu imeundwa kwa ajili ya mtu fulani, na mtu huyo si mimi. Ni mtu anayeingia kazini saa mbili na kutoka saa kumi na moja. Ana ofisi, ana payslip, na ofisi hiyo afadhali iwe karibu na Haile Selassie. Ratiba ya njia kama ya Ruiru imejengwa juu ya asubuhi na jioni: treni inaleta watu tao, inalala mchana, kisha inawarudisha.

Sasa angalia vijana unaowajua. Mmoja yuko call centre, anatoka saa nne usiku. Mwingine ni mlinzi. Mwingine anauza mitumba Gikomba na lazima awe huko kabla jua halijatoka. Mwingine yuko jikoni kwenye hoteli, na mwingine ana interview saa tano asubuhi. Wote hao treni haiwajui. Mimi mwenyewe kibanda kinafungwa saa mbili usiku. Siku nilizopanda treni jioni mwaka mzima, naweza kuzihesabu kwa vidole.

Kuna sababu ya kiufundi, na ni haki tuitaje. Sehemu kubwa ya reli hizi ni ya njia moja. Treni mbili zinazoelekeana haziwezi kupita mahali popote; lazima moja isubiri kwenye stesheni yenye mahali pa kupishana. Ukitaka treni kila nusu saa pande zote mbili, unahitaji sehemu nyingi zaidi za kupishana, na mawasiliano ya uhakika kati ya stesheni. Tena reli inapita katikati ya mitaa iliyojaa watu. Pale Githurai 45 wafanyabiashara hutandaza bidhaa hadi kando ya reli. Oktoba 2013, kwenye kivuko cha Mutindwa, treni iligonga basi na watu zaidi ya kumi wakafariki. Kuongeza treni bila kurekebisha vivuko ni kuongeza hatari.

Halafu kuna ile kilomita ya mwisho. Ukishuka stesheni ya Ruiru na unaishi Membley, bado una safari ya boda. Ukishuka stesheni kuu tao na kazi yako iko Westlands, unatafuta matatu ya pili. Nauli ya treni pamoja na boda pamoja na matatu, na ile bei nzuri imeshayeyuka. Na mtu wa Rongai? SGR ya kwenda Naivasha inapita upande wake, lakini si treni ya kumpeleka kazini asubuhi. Yeye bado ni mtu wa Magadi Road, jam ikiwepo ama isiwepo.

Basi nalo lina hoja

Matatu tunazitukana kila siku, lakini tuseme ukweli: ndizo zilizotujengea mitaa. Tangu Mzee Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni za usafiri mwaka wa 1973, hakuna mtaa uliozaliwa ambao matatu haikuufikia kabla ya maji na stima. Saa kumi alfajiri ziko. Saa tano usiku ziko. Ukihama kutoka Kimbo hadi Mwihoko, utapata konda anaita jina la mtaa wako. Reli haiwezi kukufuata hivyo. Njia ya reli ukishaiweka, imekaa hapo.

Na ni ajira. Binamu yangu ni konda wa njia ya Thika Road. Nilipomwambia naandika habari hii, aliniuliza moja kwa moja, "Brathe, wakiweka treni kila saa, sisi tutakula wapi?" Sio swali la kijinga. Nitalirudia.

Udhaifu wa matatu ni kwamba barabara hujaa. Thika Superhighway ilifunguliwa rasmi 2012, kilomita zipatazo 50, na kwa muda mfupi tulihisi tumefika Ulaya. Kisha magari ya kibinafsi yakajaa, na jam ikarudi ikiwa na leni nyingi zaidi za kukaa ndani yake. Matatu yenye watu 33 inasimama nyuma ya gari lenye mtu mmoja anayesikiza redio. Hilo ndilo jambo ambalo BRT inatibu: basi kubwa lenye leni yake, ambalo likitoka kwenye leni bado linaweza kuingia mtaani, kitu ambacho treni haiwezi.

Majirani wetu wamelijaribu. Dar es Salaam walianza mwendokasi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na safari iliyokuwa ikila asubuhi nzima ikafupika. Watu wa Dar wenyewe watakwambia si peponi: wanabanana na wakati mwingine wanasubiri sana, kwa sababu mabasi hayatoshi. Lakini leni iko. Sisi tulipaka mstari mwekundu Thika Road, tukaambiwa hiyo ndiyo leni ya BRT. Mstari ulifutika kabla basi halijaonekana. Vituo vilianza kujengwa, vikasimama.

Nalinganisha na kitu kimoja tu. Nairobi Expressway, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kujengwa 2020 na Mei 2022 magari yalikuwa juu yake. Kwa hivyo tusidanganywe kwamba nchi hii haiwezi kumaliza kitu. Inaweza. Inategemea ni nani anayengoja.

Na kwa wale wanaoota treni mpya za umeme za kung'aa: Addis Ababa walizipata Septemba 2015, za kwanza za aina yake katika sehemu hii ya Afrika. Miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri. Chuma kipya hakikupeleki kazini. Matengenezo ndiyo yanayokupeleka, na matengenezo hayana sherehe ya kukata utepe.

Basi nasimama wapi?

Nasimama hapa: kwa safari ndefu ya kuingia mjini kutoka Ruiru, Kikuyu, Embakasi na Syokimau, uti wa mgongo uwe treni. Lakini treni inayokuja asubuhi na jioni pekee si usafiri wa umma. Ni gari la shule la watu wazima. Kabla ya kununua kitu kipya chochote, tuongeze safari za treni tuliyo nayo, mchana na usiku.

Naomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

La kwanza ni treni ya usiku. Anza na moja tu, inayotoka stesheni kuu saa tatu na nusu kwenda Ruiru, kila siku ya kazi, kwa mwaka mzima bila kukosa. Mchana weka moja kila saa. Pale njia moja inapozuia, pesa ziende kwenye sehemu za kupishana na vivuko salama.

La pili ni matatu zikutane na treni. Stesheni ya Ruiru iwe na steji mlangoni, si mbali kidogo, mlangoni. Treni ikiingia, kuna matatu inaenda Membley, nyingine Kimbo, nyingine Mwihoko. Hapo ndipo ninapomjibu binamu yangu. Siku hizi anakaa kwenye jam masaa mawili akichoma mafuta ya mwenye gari ili apige trip chache kwenda tao. Trip fupi za mtaani, gari likijaa kila treni ikifika, zinaweza kumlisha. Lakini ni lazima sacco ziitwe mezani mapema, zisikie mpango kutoka kwa waliouandika, wala si kutoka kwa kanjo aliyetumwa kuwafukuza.

La tatu ni leni ya BRT Thika Road imalizwe. Reli haitawahi kufika kila mahali, na wale ambao iko mbali nao wana haki ya basi lisilosimama nyuma ya gari la mtu mmoja.

Najua kuna atakayesema, "Treni ya mchana na usiku itakuwa tupu. Ni hasara." Labda mwezi wa kwanza itakuwa tupu. Mtu hawezi kupanga maisha yake kwa treni ambayo haijui kama itakuwepo kesho. Abiria huja baada ya kuamini, na kuamini huchukua muda. Lile jambo la hasara nalo tulitazame vizuri. Hakuna anayeuliza kama Thika Road inapata faida. Ilijengwa kwa pesa za umma na mikopo ya umma, na kila gari hupita bure. Reli pia tunailipia tayari: tangu 2013 kuna ushuru wa maendeleo ya reli unaotozwa bidhaa nyingi zinazoingia nchini. Mimi nauza chaja na earphone za kutoka nje, najua bei inavyojengwa. Mteja wangu wa Githurai amelipia reli hata kama hajawahi kukanyaga stesheni. Kudai treni ya saa tatu na nusu ni kudai kitu ulichonunua.

Kuna faida moja zaidi ambayo timu treni na timu matatu wote huisahau. Treni ya usiku itawasaidia hata wale ambao hawataipanda. Konda wetu aliweza kusema 250 kwa sababu hapakuwa na jibu lingine kwenye mvua ile. Siku atakapojua kwamba dakika kumi kutoka pale kuna treni inayoondoka kwa bei ya kila siku, hutamsikia akiita bei hiyo. Hautahitaji polisi wala tangazo la waziri. Ataishusha mwenyewe, kwa sababu gari lisilojaa halilipi.

Mwaka wa uchaguzi ukikaribia, watakuja mitaani kwetu na ahadi. Watasema barabara mpya, reli mpya, mabasi ya umeme. Wasikilize, kula ile mandazi, lakini uliza swali moja: saa tatu na nusu usiku, mvua ikinyesha, nitarudi Ruiru na nini, na kwa ngapi? Asiyekuwa na jibu la hilo, hana mpango wa usafiri. Ana picha tu.

Yule mama alishuka Githurai usiku ule. Mtoto alikuwa amelala. Alipokuwa anashuka, konda alimshikia mkoba na kumwambia polepole asiteleze, kwa sababu si mtu mbaya. Ni mtu aliyepata nafasi. Nataka siku moja amwambie mwingine kama yeye, "Enda upande treni," na mama ageuke, aende.